Mlezi Si Mgeni

Kusini mwa Tanzania, kwa Wamakua, Wayao na Wamakonde, ukoo wa mtu ni wa mama yake. Baba hulisha, huvisha na hupenda, lakini jambo la mtoto likiharibika anayeitwa ni mjomba, kaka wa mama. Ndiye anayekaa kitako kwenye kikao, ndiye anayeulizwa siku ya kumpeleka mtoto jandoni, na ndiye, hadi kizazi cha wazee wangu, aliyekabidhiwa fimbo. Mengi yamebadilika, ila neno la mjomba bado lina uzito wake. Mimi ni mjomba wa aina hiyo. Kwetu ni Masasi, naishi Dar es Salaam, na nimeoa Mchaga, yaani nimeoa kwa watu ambao ukoo wao hufuata baba. Mtoto wa dada yangu, mvulana wa miaka kumi na mmoja, tunaishi naye ili asome hapa mjini.

Dada alipomleta aliacha agizo fupi mbele ya mke wangu: "Huyu ni wako kuliko alivyo wangu. Akikosea, mchape. Usimlee kama mnavyolea hawa wa kwenu." Hawa wa kwetu ni watoto wangu wawili, na dada alisema kweli: hawachapwi. Mimi na mke wangu tuliafikiana hivyo tangu mimba ya kwanza, na hatujaona sababu ya kulivunja agano lile. Sikumjibu. Dada mkubwa akitoa agizo akiwa mlangoni, mdogo haanzi mjadala.

Mjadala ulikuja wenyewe. Mwanangu wa kiume na mpwa wangu walichukua shilingi elfu kumi kwenye mkoba wa mke wangu, wakazimaliza kwenye kibanda cha gemu na kwa muuza chipsi. Kosa moja, siku moja, wakosaji wawili. Nikifuata desturi ya nyumba yangu, wote wawili watanyimwa starehe na watafanya kazi mpaka deni liishe. Nikifuata agizo la dada, mmoja atachapwa na mwenzake atatazama. Nikiwachapa wote, nimevunja agano langu na mke wangu na nimemwadhibu mwanangu kwa sheria ambayo hajawahi kuambiwa kuwa ipo.

Kilichonitatiza zaidi kilitoka kwa mpwa wangu mwenyewe. Baada ya kuhojiwa na kuambiwa wakalale, alinifuata akaniuliza kama ninamrudisha Masasi. Kwa hesabu yake, mjomba asiyechapa ni mjomba aliyekwisha kukata tamaa. Fimbo kwake ilikuwa na maana kwamba kesi imefungwa na yeye bado ni wa nyumbani. Subira yangu, niliyoiona kuwa upole, yeye aliisoma kama barua ya kufukuzwa.

Kwa hiyo swali halikuishia kwenye ubaya au uzuri wa fimbo. Fimbo ni mbaya kwa kipimo cha nani? Na mimi ni nani hata nimwambie dada yangu kwamba wajomba zetu walikosea?

Wazo la kwamba wema na ubaya hupimwa kwa desturi ya kila jamii ni la kale. Herodotus, Mgiriki aliyeandika historia katika karne ya 5 kabla ya Kristo, anasimulia kuwa mfalme Darius wa Uajemi aliwaita Wagiriki waliokuwa kwake, akawauliza wangetaka mali kiasi gani ili wale maiti za baba zao. Wakasema hakuna mali ya kutosha. Kisha akawaita Callatiae, watu wa India ambao kwao kula maiti ya mzazi ilikuwa heshima, akawauliza, Wagiriki wakisikia, wangetaka kiasi gani ili waichome moto. Wakapiga kelele wakimsihi asitamke uchafu kama huo. Herodotus akahitimisha kwamba desturi ndiyo mfalme wa wote.

Katika karne ya 20 wazo hilo lilipata wasomi wa kulitetea. Ruth Benedict, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1934 kwamba kile tunachokiita maadili ni jina tu la mazoea ambayo jamii imeyakubali. Mwaka 1947, Umoja wa Mataifa ulipokuwa ukiandaa Tamko la Haki za Binadamu, chama cha wanaanthropolojia wa Marekani kilitoa taarifa, iliyoandikwa hasa na Melville Herskovits, kutahadharisha kwamba tamko litakalopimwa kwa viwango vya Ulaya na Marekani peke yake litawadharau watu wengine wote wa dunia. Wanafalsafa huliita wazo hili urelativisti wa maadili: hakuna lililo jema au ovu lenyewe kwa lenyewe, kuna lililo jema au ovu kwa watu fulani.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna sababu ya kuicheka tahadhari ile. Mwaka 1947 Kenya ilikuwa koloni na Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini uliosimamiwa na Waingereza. Watu walikuwa wamehukumiwa kwa vizazi viwili na wageni ambao hawakuuliza kitu kabla ya kuhukumu. Masasi yenyewe ni ushahidi. Wamisionari wengi wa Kianglikana walilitazama jando kama giza la kufukuzwa. Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 alikuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi, alishika njia nyingine. Akisaidiwa na makasisi wenyeji alilipokea jando ndani ya kanisa, akaacha aliyoona hayapatani na imani yake na kuyabakiza mengine. Kwa kuuliza kwanza, kanisa liliona kilichokuwa kimefichwa na neno "ushenzi": jandoni palikuwa shule, yenye walimu wake, mitihani yake na mafunzo yake ya heshima, kazi na ustahimilivu.

Sehemu hiyo ya urelativisti naishika. Humtaka mtu aijue maana ya tendo kwa wale walitendao kabla hajalitolea hukumu. Na katika suala hili la fimbo una ushahidi upande wake. Mwaka 2005 Jennifer Lansford na wenzake walichapisha utafiti juu ya mama na watoto katika nchi sita: China, India, Italia, Kenya, Ufilipino na Thailand. Waliona kwamba mahali ambapo adhabu ya viboko huonekana ni jambo la kawaida, uhusiano wake na ugomvi na wasiwasi wa mtoto ni hafifu kuliko mahali inapoonekana ni jambo la ajabu. Mpwa wangu hakuwa amesoma utafiti wowote, lakini alijua jambo hilo hilo: mapigo humwingia mtoto pamoja na maana ambayo watu wake wameyapa.

Hata hivyo utafiti ule ulikuwa na upande wa pili, na wapenzi wa fimbo huuruka. Uhusiano ulikuwa hafifu pale palipo na mazoea, lakini haukutoweka. Mazoea hupunguza jeraha, hayaliondoi. Miaka kumi na mmoja baadaye, Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walikusanya tafiti za nusu karne zilizohusu watoto wapatao 160,000, na kwa jumla kuchapwa kulifuatana na ugomvi zaidi, uhusiano mbaya zaidi na wazazi na matatizo zaidi ya nafsi. Tafiti za namna hii hazithibitishi kwamba kila kiboko huleta madhara. Zinatosha, hata hivyo, kumnyima mlezi raha ya kusema kwamba hakuna ajuaye.

Wahenga walituachia methali inayofanana sana na urelativisti: ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Ni shauri zuri kwa msafiri. Anayefika ugenini akaanza kusahihisha namna watu wanavyokula, wanavyozika na wanavyosalimiana atakuwa mpumbavu na pengine mkorofi. Lakini tazama methali inamsemesha nani. Inamsemesha mgeni, mtu atakayekaa siku chache, aondoke na jicho lake alifumbue. Benedict na Herskovits nao walikuwa wageni wenye adabu. Walikwenda, wakatazama, wakaandika, wakarudi kwao. Walichokitetea kilikuwa adabu ya mgeni, na waliitetea mbele ya mataifa yaliyokuwa na sifa mbaya sana ya ugeni.

Mlezi hana nafasi hiyo. Mtoto aliyelala chumba cha pili hanitaki nimtazame na kuandika. Anasubiri nifanye jambo, na lolote nitakalofanya, hata kunyamaza, atalibeba kama sheria ya dunia ilivyo. Mgeni anaweza kusema "kila watu na lao" akaenda zake. Mlezi akisema hivyo amekwisha kuchagua, kwa sababu malezi ndiyo njia yenyewe ambayo desturi hupita kutoka kizazi kimoja kwenda kingine. Hakuna desturi ya Masasi iliyokaa pembeni ikisubiri niifuate. Kwa mtoto huyu, katika nyumba hii, desturi ya Masasi itakuwa kile ambacho mimi mjomba wake nitakifanya.

Ugumu mwingine ni wa kuhesabu. Urelativisti unaniambia nifuate jamii yangu. Jamii yangu ni ipi? Ukoo wa mama yangu? Nyumba niliyojenga na mwanamke wa Kilimanjaro? Msikiti au kanisa, ambako kila mhubiri ana andiko lake juu ya fimbo na kila msomi ana masharti yake? Jamhuri, yenye sheria zake? Nadharia inayotegemea jamii zenye mipaka iliyonyooka haina la kumwambia mtu ambaye mpaka umepita katikati ya sebule yake. Na watu wa namna hiyo si wachache. Mji wote wa Dar es Salaam umejaa sebule kama yangu.

Wakosoaji wa urelativisti wamesema mengi, ila matatu yalinifaa.

La kwanza ni la Mary Midgley, mwanafalsafa wa Uingereza. Katika makala ya 1981 alichukua mfano wa desturi ya samurai wa Japani ya zamani wa kuujaribu upanga mpya kwa kumkata mpita njia asiye na kosa. Wengi wetu tungesema hatuna haki ya kuwahukumu. Midgley aliuliza: kama huwezi kuwahukumu, utawezaje kuwasifu? Na kama hukumu haivuki mpaka wa jamii, kwa nini tunakubali lawama za watu wa nje pale wanapotuonyesha uovu wetu? Anayejifunga mdomo asihukumu wengine hujikuta amepoteza hata lugha ya kujihukumu mwenyewe, kwa kuwa kupima mema na mabaya tumejifunza kwa kulinganisha. Nikiitumia hoja hii kwa dada, inageuka na kunielekea mimi. Kama nasema "hayo ni ya Masasi, siyagusi," sijamheshimu. Nimemweka nje ya watu ambao naweza kujadiliana nao, kama kwamba yeye hana sababu, ana mila tu.

La pili ni la James Rachels, mwanafalsafa wa Marekani, aliyeonyesha kwamba desturi zikitofautiana haina maana kwamba maadili ya ndani nayo yametofautiana. Mara nyingi watu wanathamini kitu kile kile, lakini wanaishi katika hali tofauti au wanaamini mambo tofauti kuhusu dunia. Nilipompigia dada simu nikaelewa ukweli wa maneno haya. Hakuanza na mila. Alianza na hofu. "Unajua mwizi anavyofanywa huko mjini," aliniambia. "Leo mkoba wa mkeo, kesho simu ya mtu sokoni. Afadhali umchape wewe kuliko wamchome moto watu wasiomjua." Methali ya asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu kwetu sote ni maneno ya kutundika ukutani. Kwake ilikuwa na petroli na tairi ndani yake. Mimi na yeye hatukutofautiana hata chembe juu ya kinachotakiwa: mtoto asiyeiba, aliye hai. Tulitofautiana juu ya kinachomfikisha huko, na hilo ni jambo ambalo ndugu wawili wanaweza kuliuliza na kulijibu pamoja.

La tatu ni la Kwasi Wiredu, mwanafalsafa wa Ghana aliyefariki mwaka 2022. Katika kitabu chake cha 1996 juu ya mambo ya pamoja na mambo mahususi ya tamaduni, alitenganisha vitu ambavyo tumezoea kuvifunga kwenye furushi moja. Kuna desturi: namna ya kusalimia, kuoa, kuzika, kuhesabu ukoo. Hizo zinaweza kutofautiana bila yeyote kuwa na kosa. Ukoo wa mama kwa Wamakua na ukoo wa baba kwa Wachaga ni mambo ya namna hiyo, na mtu anayeuliza upi ni sahihi hajaelewa swali lake. Halafu kuna maadili yenyewe, ambayo kwa Wiredu msingi wake ni kuyapatanisha masilahi yako na ya mwenzako kwa kujiweka mahali pake kwa haki na huruma. Bila hilo hakuna jamii ya binadamu inayoweza kusimama, iwe ya kusini au ya kaskazini.

Mjomba kuwa ndiye mwenye neno juu ya mtoto: hiyo ni desturi, na ninaipokea yote. Kumwumiza mtoto ili ajifunze: hilo linaangukia upande wa pili, mahali ambapo jibu la "ndivyo tulivyo" halitoshi, kwa sababu anayeumizwa naye ni mmoja wetu na hajaulizwa.

Tena, hilo "ndivyo tulivyo" lina historia. Kiboko kama chombo cha serikali kilifika nyanda hizi kikiwa na karatasi zake. Kanuni za utawala wa Wajerumani za 1896 ziliruhusu hadi viboko 25 kwa mkupuo mmoja, na wazee wetu walilihifadhi jambo hilo kwa jina la hamsa ishirini. Waingereza walikiendeleza shuleni na magerezani. Tanganyika huru nayo, kwa sheria ya 1963 ya adhabu za chini, iliamuru wezi na wala rushwa wa aina fulani wachapwe viboko 24, nusu wakiingia gerezani na nusu wakitoka, na Mwalimu Nyerere alipenda kuikumbushia miaka mingi baadaye. Sisemi kwamba wazee hawakuwa na fimbo kabla ya Wajerumani, walikuwa nayo. Nasema kwamba mtu anayeishika leo kama urithi wa mababu huenda ameshika pia mkono wa akida wa Mjerumani. Asili ya kitu haikifanyi kuwa kibaya, ila hutuondolea haki ya kukitetea kwa asili yake peke yake.

Na Masasi haina sauti moja. Mjomba wangu alinichapa, na alipofariki nilimlilia kutoka moyoni. Siwezi kumwita mkatili. Lakini bibi yangu, katika boma lile lile, hakuwahi kumgusa mtoto. Alimwita akae naye, akamhadithia, akamwacha aone aibu mwenyewe. Watoto wa bibi na watoto wa mjomba walikua wote wakawa watu. Anayesema mila zetu zinaamuru fimbo amemchagua mjomba akamwacha bibi, kisha akaliita chaguo lake mila. Hata methali zetu hazikubaliani. Mchelea mwana kulia hulia yeye, ndiyo. Na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na hiyo haikutaja fimbo.

Sheria za nchi nazo zinaonyesha jinsi mpaka usivyoweza kuwa jibu. Tanzania Bara, kanuni za shule za 2002 zinaruhusu fimbo zisizozidi nne, mkononi au matakoni juu ya nguo, kwa idhini ya mkuu wa shule na kwa kuandikwa kitabuni. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mateso na inasema adhabu isiyolingana na umri na hali ya mtoto haina uhalali, lakini haikuifuta adhabu yenyewe. Kenya ilifuta viboko shuleni mwaka 2001, na katiba yake ya 2010 inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya kupigwa. Pale Horohoro na Lunga Lunga, Wadigo wanaishi pande zote mbili za mpaka, lugha moja na ukoo mmoja. Mtoto wa upande huu anaweza kuchapwa na mwalimu wake kihalali, na binamu yake wa upande ule hawezi. Mwanasheria ataieleza tofauti hiyo kwa dakika mbili. Mlezi anayetaka kujua kama jambo ni jema hawezi kuambiwa itategemea amesimama upande gani wa kizuizi.

Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 umejaribu kusimama katikati. Unamtaka mzazi atoe nidhamu ya nyumbani kwa utu na kwa kulinda heshima ya mtoto, na katika kifungu cha 31 unampa mtoto majukumu yake, ikiwamo kuwaheshimu wazazi na wakubwa nyakati zote. Wazungu wengine waliona ajabu mkataba wa haki za watoto kuwapa watoto wajibu. Mimi naona ndipo ulipokuwa wa kwetu zaidi. Mtoto kwetu si mteja wa haki tu, ana nafasi yake katika ukoo na ana la kutoa.

Hapo ndipo niliposhikia nilipotafuta la kufanya. Mpwa wangu hakuwa akihitaji maumivu. Alihitaji kujua kwamba kosa lake limetazamwa na watu wake, limehukumiwa, limelipwa na kufungwa. Maumivu yalikuwa chombo kimoja cha kumwonyesha hilo, na kwetu kuna chombo kingine cha kale zaidi na chenye heshima zaidi: kikao.

Tulikiitisha. Simu ya dada iliwekwa spika Masasi, bibi mzaa mama wa mpwa wangu akiwa pembeni yake, yetu ikawekwa spika Dar es Salaam. Mke wangu, aliyeibiwa, alisema kwanza. Kisha kila mtoto alisimama akaeleza alichofanya kwa mdomo wake, bila kumsingizia mwenzake. Mimi nikatoa hukumu kama mjomba na kama baba, moja kwa wote wawili: watafanya kazi kwenye genge la mke wangu kila Jumamosi mpaka fedha itimie, na hawatakanyaga kibanda cha gemu mpaka deni liishe. Wakaomba radhi. Bibi akawaambia wazi kwamba neno hilo limekwisha na hakuna atakayelirudia kwa kuwasimanga. Mpwa wangu hakuniuliza tena habari ya kurudishwa.

Dada hakuridhika. "Haya, mjomba ni wewe," alisema. "Lakini likizo akija kwangu atanikuta mimi." Hapo pana swali la mwisho, gumu kuliko la kwanza: nina wajibu gani kwa kile atakachokifanya yeye kwake?

Watu wengi hudhani kwamba asiyekubali urelativisti lazima aingilie kila kitu. Si kweli. Kuamini kwamba dada anakosea ni jambo moja, kumlazimisha ni lingine, na kati ya hayo mawili kuna uwanja mpana wa kusema, kusubiri na kuonyesha. Uvumilivu wangu kwake hautokani na kudhani kwamba yeye ana ukweli wake na mimi nina wangu. Unatokana na kumjua: ni mama anayempenda mwanawe, amemlea katika shida nisizozijua, na fimbo yake ina mpaka. Uvumilivu huo nao una mpaka. Utafiti wa kitaifa uliofanywa nchini mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Katika idadi kama hiyo, "kawaida" si neno la kumtuliza mtu. Siku mtoto atakaporudi na kovu, au na hofu ya kumtazama mama yake usoni, sitauliza Masasi wanasemaje. Nimemweleza dada hivyo mapema, kwa adabu, ili isije ikawa siri kati yetu.

Yeye naye ameniwekea sharti. Amesema mtoto akiiba tena, atakuja Dar es Salaam kuniuliza kikao changu kilifundisha nini. Nimelikubali. Mfuasi wa urelativisti hawezi kuulizwa swali hilo. Akiwa na desturi yake nyuma yake, hana anachoweza kukosea. Mimi nimesema kuna namna bora na namna mbaya ya kumlea mtoto huyu, kwa hiyo nimekiri pia kwamba namna yangu inaweza kuwa ndiyo mbaya, na kwamba dada yangu, mke wangu na mpwa wangu mwenyewe atakapokuwa mtu mzima wana haki ya kunionyesha. Anayekubali kulea mwana wa mwenziwe anakubali na hilo: kuwa mtu anayeweza kudaiwa sababu, na kuzitoa.